Picha ya parachichi au sura yangu: wateja wanitambue kwa kipi?

Mama Mshauri, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako nina kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass. Nilisomea kilimo ngazi ya stashahada, nikaajiriwa kwa muda, kisha nikaamua kujitegemea. Kazi ya kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti kilichokatwa kwenye mti mzazi) na shina la mche mwingine, naifanya kwa mikono yangu nikisaidiwa na vijana wawili. Wateja wangu wengi kwa sasa si wa hapa jirani. Ni watu wa Njombe, Makambako na Mafinga ambao hunipata kwa WhatsApp na Facebook, na wengi wao hutuma malipo ya awali kabla hatujaonana uso kwa uso.

Kinachonisumbua ni picha ya profaili. Tangu nifungue akaunti ya biashara nimekuwa nikitumia picha ya parachichi lililokatwa katikati, ambayo niliipakua mtandaoni kwa sababu ilinivutia. Hivi karibuni mteja mmoja wa Makambako alinipigia simu kwa ukali akidai miche ambayo alisema amekwisha kuilipia. Tulipofuatilia tukagundua kwamba fedha alikuwa amemtumia mtu mwingine kabisa, ambaye profaili yake ina picha ileile ya parachichi na jina linalokaribiana na la kitalu changu. Aliniambia, "Dada, nyinyi wote mnafanana, mimi ningewatofautishaje?" Nilikosa la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimeomba ushauri na kila mtu ana lake. Shemeji yangu, ambaye hutengeneza mabango na matangazo, anasema biashara yenye heshima huweka nembo. Rafiki yangu alinipeleka studio huko Mwanjelwa, nikapigwa picha ambayo kila mtu anaisifu, lakini wameing'arisha ngozi yangu na kunichongoa kidevu kiasi kwamba vijana wangu wa kitaluni walipoiona waliuliza huyu ni nani. Mume wangu anaona tuweke picha yetu ya harusi, ili watu wajue kuwa mimi ni mke wa mtu na wasinisumbue. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye ninamheshimu sana, hataki picha yoyote yenye sura yangu. Anasema si vizuri uso wa mwanamke aliyeolewa uzagae kwenye simu za wanaume asiowajua, na amesikia kwamba matapeli huiba picha za watu. Ninayo pia picha ya mahafali nikiwa na joho, ambayo naipenda kuliko zote, ila ni ya zamani na nilikuwa mwembamba sana.

Naomba uniambie kama niweke sura au nembo, na kama ni sura, nitumie picha ipi na niipate vipi bila gharama kubwa. Pia nisaidie nimkabili vipi mama mkwe bila kumvunjia heshima. Niseme ukweli kwamba mimi mwenyewe sipendi kujitazama kwenye picha, na labda ndiyo maana jambo hili limenishinda.

Mama Kitalu, Tukuyu

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa kukaripiwa kwa kosa la mtu mwingine, na pole zaidi kwa huyo mteja, maana yeye ndiye aliyepoteza fedha. Swali lake naona ni la haki, na naomba tulifanye kuwa msingi wa mazungumzo yetu yote. Hakulalamika kwamba picha yako ni mbaya. Alilalamika kwamba haikumsaidia kukujua.

Fikiri kwanza juu ya kile unachokiuza. Mche wa Hass uliobebeshwa vizuri na mche uliobebeshwa ovyo kwa kikonyo kilichokatwa kwenye mti wowote, vikiwa ndani ya viriba, karibu havitofautiani kwa macho ya mkulima. Ataona kovu la maungio shinani, lakini hakuna namna ya kulitazama kovu lile akajua kikonyo kilitoka kwenye mti gani. Ukweli ataujua mti utakapozaa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kuanzia mwaka wa 3 hivi, baada ya kuchimba mashimo, kuweka samadi, kumwagilia kiangazi na kuliacha shamba lake bila zao jingine la maana. Kwa hiyo mkulima wa Makambako anayekutumia malipo ya awali ananunua neno lako. Anapoifungua profaili yako hatafuti tunda, kwa sababu parachichi analijua tangu utotoni. Anamtafuta mtu ambaye ataweza kumrudia mwaka huo wa 3 na kumuuliza, "Ulinipa nini?" Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la kwanza ni sura, na nasema hivyo bila kusitasita, ingawa kwa mtu anayeuza saruji au vocha ningeweza kusema vingine.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, walichapisha mwaka 2006 utafiti ulioonyesha kwamba mtu akioneshwa sura ya asiyemjua kwa sehemu 1 ya 10 ya sekunde tu, tayari huwa ameshaamua moyoni kama mtu huyo anaaminika au haaminiki, na akiongezewa muda wa kutazama, uamuzi wake haubadiliki sana bali yeye ndiye anayezidi kuwa na uhakika nao. Jambo hilo halimaanishi kwamba hukumu zile ni za kweli, kwani wapo watu wenye sura za upole ambao ni wezi. Linamaanisha kwamba mteja atakuhukumu upesi upende usipende, na mahali pasipo na sura ataihukumu ile picha ya parachichi, ambayo kwa bahati mbaya ni ya kila mtu.

Usihangaike, basi, kutafuta uso wa kuaminika, kwa sababu uso wa namna hiyo ukiulazimisha utaonekana wa kuigiza. Kipimo ninachokupa ni hiki: mtu ambaye amekuona kwenye simu tu, akishuka kwenye gari pale stendi ya Tukuyu na kukuta wanawake watano wamesimama, akufuate wewe moja kwa moja bila kuuliza. Picha itakayofaulu kipimo hicho itafaa kwa WhatsApp, kwa Facebook na kwa mtandao wa kikazi kama LinkedIn, ambako wanunuzi wakubwa na mashirika ya kilimo hupenda kuwatafuta watu wenye taaluma kama yako.

Tukizipima kwa kipimo hicho picha ulizonitajia, ya parachichi iondoe leo. Mbali na kutokukutambulisha, picha ile ilipigwa na mtu, na kuitumia kwenye biashara bila ruhusa yake si haki. Badala yake piga picha za miche yako mwenyewe na uziweke kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ambako ndipo mahali pa bidhaa.

Nembo ya shemeji yako usiitupe. Itafaa sana kwenye risiti, kwenye bango la getini na kwenye vibandiko vya viriba. Lakini kwenye orodha ya mazungumzo picha ya profaili huonekana ndani ya duara dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na maandishi ya nembo humo hayasomeki. Tena nembo inaweza kuchorwa na mtu yeyote mwenye simu kwa muda mfupi, kama vile jina linalokaribiana na lako lilivyopatikana bila taabu. Utakapokuwa na wauzaji kadhaa wanaojibu ujumbe kwa zamu, hapo nembo itakuwa na maana, kwa kuwa mteja hatakuwa tena anazungumza na mtu mmoja.

Picha ya harusi nina sababu mbili za kuikataa. Katika duara lile nyuso mbili huwa ndogo mno kiasi cha kutotambulika, na hata zikitambulika, mteja hatajua ni nani kati yenu anayeijua kazi. Utashangaa ni wangapi watakaopiga simu na kuomba kuzungumza na mzee. Wewe ndiwe mwenye stashahada na wewe ndiwe unayeshika kisu cha kubebeshea. Nia ya mume wako ya kukukinga na usumbufu ni njema na umshukuru kwa hilo, lakini mtu msumbufu hazuiwi na picha ya shela. Huzuiwa na majibu mafupi ya kikazi, na akizidi, namba yake inafungiwa.

Picha ya joho naelewa kwa nini unaipenda, kwa sababu kuna ada, usiku wa kukesha na wazazi waliojinyima nyuma yake. Iweke kwenye albamu ya Facebook ili anayetaka kujua elimu yako aikute. Isiwe profaili, kwa sababu mwembamba yule wa siku za chuo hatamsaidia mtu kukutambua leo, na mteja akikuta mtu tofauti getini, hata kwa sababu ya kawaida kama kunenepa, kitu fulani ndani yake hurudi nyuma.

Sasa nije kwenye picha ya studio, na hapa naomba univumilie kidogo, kwa sababu ni jambo linaloniumiza. Kila ninapopita mitaa ya studio za picha, iwe Mwanjelwa au Miyomboni kule Iringa, naona kutani picha za wanawake wa nyanda zetu waliosafishwa rangi mpaka hawafanani na dada zao. Wapiga picha hawa ni mafundi hodari na wanafanya kile wateja wanachoomba, na simu nyingi siku hizi zina kamera ya urembo inayolainisha na kung'arisha ngozi hata kabla hujaomba. Lakini wewe unauza uaminifu. Mteja akiona picha iliyobadilishwa, hata kama hawezi kueleza ni nini kimebadilishwa, anajifunza kwamba mwenye akaunti hii yuko tayari kuonyesha kitu kisivyo, na swali litakalofuata kichwani mwake linahusu miche. Halafu kuna wewe mwenyewe. Umeniambia kuwa hupendi kujitazama pichani, nami nadhani picha za aina ile zinakuzidishia hali hiyo, maana zinakuambia kimyakimya kwamba uso ulio nao haukutosha. Unatosha. Vijana wako waliouliza huyu ni nani wamekupa jibu bora kuliko wote waliokusifu, kwa sababu wao wanakuona kila siku kwenye mwanga wa kweli.

Kabla hujapiga picha nyingine, zungumza na mama mkwe. Ninalitanguliza jambo hili kwa makusudi, kwani picha nzuri iliyowekwa kwa kumzunguka mzazi itakuletea nyumbani maneno ambayo hakuna mauzo yatakayoyafidia. Usimjibu kwamba mambo ya zamani yamepitwa na wakati. Hofu zake ni mbili na zote zina uzito. Ya kwanza ni ya heshima, na hiyo haiondolewi kwa hoja bali kwa kumshirikisha. Mwombe mume wako awepo, mweleze mama kilichompata mteja wa Makambako, kwamba mtu amepoteza fedha kwa sababu hakukujua sura, na kwamba sokoni au kwenye maonesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya wewe huwa unawauzia wageni, wanaume kwa wanawake, ukiwa uso wazi na hakuna anayeona ni kukosa adabu. Kisha mwambie kwamba picha utaivalia nguo unayovaa mbele yake na ataiona kwanza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Wazee wengi hawakatai jambo lenyewe kama wanavyokataa kulikuta limekwisha kufanyika.

Hofu ya pili, ya wizi wa picha, nitairudia baadaye kidogo, kwa kuwa ni ya kweli kabisa.

Ikiwa baada ya mazungumzo hayo bado atakataa, usishindane naye. Piga picha ya mikono yako ikiwa imeshika mche na kisu cha kubebeshea, ukionekana kuanzia kifuani kwenda chini, halafu kila mteja mpya mtumie ujumbe wa sauti unaojitambulisha kwa jina lako na mahali kitalu kilipo. Mikono haifikii uso, na sitakudanganya kwamba inafikia, lakini ni yako peke yako na inaonyesha kazi unayoifanya. Ndani ya miezi kadhaa mama mwenyewe anaweza kukuambia uweke uso.

Kuhusu upigaji, una bahati ambayo watu wengi hawaijui. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na mawingu yale tunayoyalalamikia kila siku ndiyo mwanga bora wa kupigia picha ya uso, kwa sababu wingu hulisambaza jua na uso haupati vivuli vikali chini ya macho na pua. Mwenzako wa Iringa mwezi wa Septemba angelazimika kusubiri jua lipungue makali au kusimama kwenye kivuli cha baraza akitazama nje. Wewe unaweza kupiga picha hata saa sita mchana, alimradi mvua imekatika.

Usipige chini ya neti ya kitalu. Kama neti yako ni ya kijani, mwanga unaopita humo hugeuka kijani na kuufanya uso uonekane wa mgonjwa, na jua likitoka, matundu yake yatakuchora madoa usoni. Simama nje, hatua chache mbele ya miche au mbele ya mti wenye majani mengi, ili nyuma yako pawe na weusi wa majani badala ya anga jeupe. Hili la anga ni muhimu sana kwetu sisi wenye ngozi nyeusi. Kamera ya simu hupima mwanga wa picha nzima, na ikikuta anga jeupe nyuma yako hupunguza mwanga wote, nawe unabaki kivuli chenye meno. Watu wengi hudhani tatizo ni rangi yao na hukimbilia kung'arisha, kumbe tatizo ni mahali waliposimama. Mpigaji akigusa uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, kamera itapima mwanga kwa kuufuata uso wako, na rangi yako itatoka ilivyo.

Usijipige mwenyewe kwa kunyoosha mkono. Kamera ikiwa karibu mno hukuza kilicho mbele, nacho ni pua. Madaktari wa Marekani waliochapisha hesabu zao mwaka 2018 walikuta kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimeta 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inapopigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Inawezekana kabisa kwamba kutokupenda kwako picha kumetokana na selfi. Mpe simu mmoja wa vijana wako, asimame mita moja na nusu au mbili kutoka ulipo, atumie kamera ya nyuma ambayo kwa kawaida ndiyo nzuri zaidi, na aishike usawa wa macho yako. Kioo cha kamera kifutwe kwanza kwa kitambaa safi, maana simu inayoshinda kitaluni huwa na vumbi na alama za vidole. Kamera ya urembo izimwe.

Nguo iwe safi, ya rangi moja iliyoiva, kama bluu au damu ya mzee. Usivae kijani mbele ya majani. Kitenge chenye maua makubwa ni kizuri machoni, lakini ndani ya duara dogo kitashindana na uso wako, na kama unapenda kitenge, kivae kilembani ikiwa hivyo ndivyo unavyojifunga siku za kazi. Epuka sare ya kwaya na nguo zenye rangi za chama chochote cha siasa, kwa kuwa wateja wako ni wa kila upande. Mapambo yawe yale ya kila siku. Ukiona haya mbele ya kamera, mwambie kijana aendelee kupiga wakati unamweleza jinsi ya kukagua maungio ya mche. Uso wa mtu anayezungumzia kitu anachokijua hulegea wenyewe, na tabasamu likija litakuwa la kwako.

Baadaye ikate picha iwe mraba, uso ukichukua zaidi kidogo ya nusu yake, na usiweke kitu cha maana kwenye pembe, kwa sababu duara litazila. LinkedIn wenyewe hushauri uso uchukue takribani asilimia 60 ya picha, na kwamba picha isipungue pikseli 400 kwa 400. Simu yoyote ya kawaida ya leo inavuka kiwango hicho. Gharama yote hii ni muda wa asubuhi moja. Ukipenda bado kumpa kazi fundi wa studio, mwite kitaluni, mweleze mapema kwamba hutaki kubadilishwa rangi wala umbo, na mkubaliane kwamba utaitumia picha hiyo kwenye biashara yako. Vijana wako nao wakionekana kwa nyuma, waombe ridhaa, kwa kuwa tangu tarehe 1 Mei 2023 ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mtu zinalindwa kisheria, na mbali na sheria, kuomba ni ustaarabu.

Ukishakuwa na picha kama nane au kumi, usichague wewe. Ninajua hili litakushangaza. Mtafiti David White na wenzake huko Australia walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayoonyesha kwamba picha za profaili zilizochaguliwa na watu wasiomjua mhusika ziliwapendeza watazamaji wengine zaidi kuliko zile alizojichagulia mwenyewe, na katika kazi yao nyingine waliona kwamba hata katika kupata picha inayofanana na mtu, yeye mwenyewe si mchaguzi bora. Sababu tunaweza kuikisia: sisi hujijua kwa kioo na kwa kumbukumbu, wakati wengine wanatujua kwa kututazama. Kwa mtu kama wewe, ambaye huumia kujitazama, huu ni unafuu mkubwa. Wapelekee picha hizo watu watatu ambao hawakufahamu vizuri, kwa mfano wateja wapya au wafanyabiashara wa soko usilolizoea, na uwaulize swali moja tu: kati ya hawa, ungemtumia nani malipo ya awali? Usiwaulize yupi ni mzuri. Kisha vijana wako waseme ni ipi inayofanana nawe zaidi. Picha itakayopata kura za pande zote mbili ndiyo yako, hata kama wewe ungependa nyingine.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini linakwenda pamoja na picha, nalo ni jina. Mteja anapokutumia fedha kwa simu, kabla hajathibitisha huoneshwa jina la mtu aliyesajiliwa kwa namba ile. Kama profaili inasema jina la kitalu peke yake na simu inaonyesha jina jingine, mteja mwangalifu atasita na asiye mwangalifu atazoea kutolinganisha, na hapo ndipo tapeli anapopitia. Andika jina la kitalu, na kwenye maelezo ya akaunti uandike jina lako kama lilivyosajiliwa kwenye namba unayopokelea malipo, pamoja na kijiji na kata kitalu kilipo. Picha ileile moja iwe kwenye mitandao yote, na usiibadilishe kila wiki. Najua desturi yetu ya kuweka picha ya marehemu tunapofiwa, nami siipingi hata kidogo, lakini kwenye akaunti ya biashara tumia statasi kwa ajili hiyo na uiache profaili ilivyo, kwani kuna mtu wa Mafinga anayekutafuta kwa uso kwenye orodha ndefu ya majina. Ibadilishe pale tu sura yako inapobadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Turudi kwenye hofu ya mama ya wizi wa picha. Picha yoyote iliyo mtandaoni inaweza kuchukuliwa, na sitamficha hilo. Tofauti ni kwamba picha ya parachichi ikichukuliwa huna la kudai, ila mtu akijifanya wewe kwa kutumia sura yako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitaja tendo la kujifanya mtu mwingine kuwa kosa. Piga picha yenye kitu kinachokutambulisha ambacho tapeli hana, yaani mahali pako. Mteja akitia shaka, umpigie simu ya video ukiwa umesimama palepale. Nyumba yenu, watoto na namba za gari visionekane. Mara mojamoja itafute picha yako kwa Google Lens uone kama imejitokeza kwenye akaunti nyingine. Ukiikuta, piga picha ya skrini kabla hujafanya lolote, iripoti akaunti hiyo kupitia kitufe cha kuripoti kilichomo kwenye mtandao husika, waombe na wateja wako wachache wairipoti, watangazie wengine kwenye statasi kwa kutaja namba yako halisi, na namba iliyotumika kutapeli uitume kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeitenga kwa taarifa za namna hiyo. Fedha zikiwa zimeshapotea, mwenye kupoteza afike kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa muamala na picha hizo za skrini, nawe uwe tayari kwenda naye kama shahidi.